Hedhi Isiyo ya Kawaida: Altrasaundi Inaona Nini?

Akina mama wengi wakitokwa damu isivyo kawaida hukaa kimya. Wengine hufika hospitali na ombi moja tu: "Sista, naomba altrasaundi." Ni kipimo kizuri, lakini tujue kinaona nini na hakioni nini.

Mama afike hospitali iwapo:
1. Hedhi inazidi siku 8, au inarudi kabla ya siku 24.
2. Damu ni nyingi, yenye mabonge, au inalowesha pedi kila saa.
3. Damu inatoka katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa.
4. Damu inatoka baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, hata tone moja. Usifurahi kwamba ujana umerudi!

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, si mionzi kama eksirei, na haina madhara kwa mimba. Ukipimwa juu ya tumbo, utakunywa maji na kubana mkojo, kwani kibofu kikijaa kizazi huonekana vizuri. Huonyesha uvimbe wa kizazi, ambao mara nyingi si saratani, mimba iliyotunga nje, mabaki ya mimba iliyoharibika, na unene wa ukuta wa ndani wa kizazi. Kwa mama aliyekoma hedhi na anatokwa damu, ukuta ukizidi milimita 4 daktari huchukua kinyama kidogo kikapimwe.

Lakini saratani changa ya mlango wa kizazi mara nyingi haionekani kwa altrasaundi. Nayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Hivyo ni lazima mlango wa kizazi utazamwe kwa macho, na ikihitajika upakwe siki: penye kasoro hugeuka peupe. Mama, usikatae kutazamwa kwa kuwa altrasaundi imesema "safi". Damu ikiendelea, rudi.

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Wilaya Kisarawe. Saratani ikithibitika, hutibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na ikiwahiwa hupona. Mwenye kizunguzungu, au mjamzito anayetokwa damu, akimbizwe hospitali mara moja.

Akina baba, msiseme haya ni mambo ya wanawake. Toeni nauli na ruhusa mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua.