Kudai Fidia ya Nyumba Iliyoharibiwa na Dhoruba

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe iliyoambatana na upepo mkali iliipiga Kata ya Mwakata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Nyumba ziliwaangukia waliolala ndani, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha.

Ukiwa na bima ya nyumba na janga kama hilo likakufika, soma kwanza hati yako. Bima ya moto ya kawaida hailipi hasara ya upepo wala mafuriko, isipokuwa majanga hayo yameongezwa ndani ya hati.

Itaarifu kampuni mapema kwa maandishi, kwani hati huweka muda wa kufanya hivyo. Piga picha kabla ya kuondoa kifusi. Funika paa kwa turubai, maana hasara iliyoongezeka kwa uzembe yaweza kukataliwa. Tunza na risiti ya turubai hilo. Bati lililong'oka lisitupwe (wala lisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu) kabla mtathmini wa hasara hajaliona.

Wengi hushtushwa na kiasi wanacholipwa. Nyumba inayogharimu shilingi milioni 40 kuijenga upya, ikikatiwa bima ya milioni 20, kwa kawaida hasara yake ya milioni 6 hulipwa milioni 3 tu. Ndivyo humkuta mchimbaji wa Geita aliyeongeza vyumba baada ya kupata dhahabu, bila kubadilisha thamani kwenye hati.

Usiporidhika, usisaini hati ya kukubali malipo. Iandikie kampuni, mkishindwa kuelewana, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.