SOMO LETU: PUMU NA VIAMSHO VYAKE

Ndugu Wanachama,

Msimu uliopita mtoto wa mwanachama mwenzetu alibanwa na pumzi usiku, baada ya kutwa nzima kugeuza karafuu majamvini. Wazee wakadhani ni shetani. Wakafunga madirisha, wakamfukiza ubani. Kifua kikazidi kubana. Alhamdulillahi, gari ilipatikana, akafika hospitali yu hai. Hapana aliyemtakia mabaya. Kutojua kwetu sote ndiko kulikotaka kumwua. Kwa hivyo tumeona yatupasa kuandika somo hili.

Pumu ni nini?

Mirija ya hewa katika mapafu ni mfano wa mkarafuu: shina moja, kisha matawi, kisha vitawi vyembamba. Kwa mwenye pumu mirija hiyo ina uvimbe ndani, aghlabu hata siku ambayo hajihisi mgonjwa. Ikiguswa na kisichopatana nayo, misuli yake hujikaza na ute hujaa. Hewa huingia kwa taabu, na kutoka kwa taabu zaidi. Ndipo kifua kinapolia mluzi. Maradhi haya hayaambukizi, lakini mara nyingi hufuata ukoo.

Nini huiamsha?

Tuwatazame wenzetu wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, wanaolima kahawa kama sisi tulimavyo karafuu.

1. Moshi. Katika msonge, nyumba ya asili ya Wahaya, moto wa kuni uliwashwa ndani. Msonge umekuwa adimu, lakini jiko la kuni lingalipo.

2. Vumbi. Kahawa ya robusta hukaushwa na maganda yake, kisha hukobolewa. Vumbi la buni mbichi lajulikana kwa madaktari kuwa huweza kuwaletea pumu wafanyakazi wa viwandani.

3. Ukungu. Pwani ile ya ziwa ina mvua nyingi, na nyumba yenye unyevu huota ukungu.

4. Wadudu. Katika Ziwa Viktoria huinuka makundi ya visubi vidogo kama wingu la moshi. Huko Sudan, kandokando ya mto Nile, wadudu wa jamaa hiyo walithibitishwa kuwaletea watu pumu.

Kwetu badilisheni majina tu: moshi wa kuni na wa sigara, udi na ubani, vumbi la karafuu na makonyo, ukungu wa magunia ghalani. Mafua na baridi navyo huiamsha. Lakini si kila kiamsho humdhuru kila mgonjwa; kila mmoja achunguze chake.

Tusichanganye mambo

Muleba yatupa funzo jingine. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, wanafunzi walishikwa na kicheko na kilio kisichozuilika. Walipatwa 95 kati ya 159, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Kikaenea mpaka Nshamba. Watu waliogopa sumu, lakini madaktari Rankin na Philip hawakuiona. Walisema ni taharuki ya nyoyo, na wakaandika habari zake mwaka 1963. Ile haikuwa pumu. Kicheko kikali au kilio huweza kumbana mwenye pumu, lakini pumu yenyewe haimrukii jirani, wala si wazimu, wala si shetani. Basi mgonjwa asifichwe.

La kufanya

Dawa za kuvuta ni namna mbili: ya kufungua mirija upesi, na ya kutuliza uvimbe. Wengi huipenda ya kwanza kwa kuwa nafuu yake huonekana mara moja. Lakini tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri kuitegemea hiyo peke yake. Uvimbe usipotibiwa, hatari hubaki. Muulizeni daktari, na msiiache dawa ya uvimbe kwa sababu mmepata nafuu.

Mtu akibanwa, mketisheni wima, msimlaze. Mtoeni penye moshi na vumbi, avute dawa yake kama alivyoagizwa. Akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, au dawa isipomsaidia, mpelekeni hospitali saa ile ile, msingoje asubuhi.

Kabla ya msimu ujao, kila mwenye pumu au mtoto mwenye pumu amwambie msimamizi wa shamba lake. Mtu huyo apewe kazi mbali na jamvi na ghala. Si upendeleo, ni haki yake. Karafuu ikichelewa kugeuzwa hugeuzwa kesho; pumzi haina kesho.

Ni sisi,
Katibu, kwa niaba ya Kamati