KUBEBA FITO ZA KUVULIA KATIKA GARI LA NYUMBANI

Somo langu la mwaka huu ni la jambo ambalo sisi watoto wa kisiwani tunalifanya bila kulifikiria, nalo ni kubeba fito za kuvulia garini wakati familia inapokwenda kuvua Jumapili au siku ya sikukuu. Huenda mwenzangu akacheka aseme, "Ati hilo nalo ni somo?" Naam, ni somo, na kwetu sisi lilifunzwa kwa machozi.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya pili ya Idi. Ami alikuja kutuchukua Kibokoni twende tukavue Mtwapa. Tulikuwa watu sita katika gari la watu watano, na ndugu yangu mdogo alipakatwa kiti cha mbele. Fito nne zilipitishwa katikati ya viti, ncha zikielekea kioo cha mbele, na ndoana zikining'inia vile vile kama zilivyotoka baharini safari iliyopita.

"Ami, ndoana hatuzitoi?" nikauliza.

"Wacha, mwanangu. Maji yajaa sasa hivi, tutachelewa."

Tulipofika Digo Road, mkokoteni wa mitungi ya maji ukakata barabara mbele yetu. Ami akafunga breki. Sisi tulijishikilia, lakini fito hazina mikono. Zote nne ziliteleza mbele kwa pamoja. Mmoja uligonga kioo ukavunjika ncha, na ndoana ya wa pili ikamnasa yule mdogo shavuni, chini ya jicho. Ingepanda vidole viwili tu, leo ningekuwa naandika habari nyengine. Mtwapa hatukufika siku ile, tulifika hospitali. Jioni ami alituambia, "Msimlaumu mwenye mkokoteni. Kosa ni langu mimi."

Tangu siku hiyo nimeuliza wavuvi, nimemuuliza fundi wa magari, nimemuuliza na mwalimu wetu wa fizikia. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. KWANZA TUJUE MAJINA

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili hawezi kusema "ile kitu ya kushikia samaki". Vifaa vina majina yake.

Ufito (wingi: fito) ni ule mti mrefu mwembamba wa kuvulia. Zamani ulikuwa mwanzi. Siku hizi nyingi ni za nyuzi za kioo au za kaboni, na vijana mtaani huziita "rodi". Sehemu nene ya kushikia ni shina, na mwisho mwembamba ni ncha. Rili ni kile kigurudumu cha kukunjia uzi. Ndoana ndiyo ile ambayo wenzetu wengine huiita ndoano. Chubwi ni risasi ya kuzamishia, na chambo ni chakula cha kumdanganyia samaki.

Uzi wenyewe unaitwa mshipi, na hapa lugha yetu ina jambo zuri. Mshipi ni uzi wa kuvulia, na mshipi pia ni mkanda. Kwa hiyo katika gari la wavuvi mna mishipi ya aina mbili, wa samaki na wa kiti, na yote yataka kufungwa kabla gari halijaondoka.

Kitenzi "vua" nacho kina maana zaidi ya moja. Tunavua samaki, na tunavua nguo, yaani tunaitoa mwilini. Basi kanuni ya kwanza ya somo hili ni rahisi kukumbuka: uvue ufito ndoana yake kabla hujaenda kuvua.

2. KWA NINI UFITO NI HATARI GARINI?

Wengi hudhani kitu chepesi hakiwezi kuumiza. Tutazame hesabu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani kinakwenda karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva akifunga breki ghafla, gari husimama, lakini kitu kisichofungwa huendelea na safari yake mpaka kizuiwe na kitu kingine, kama kioo, kiti au kisogo cha mtu. Kasi ile ni sawa na ya kitu kilichodondoka kutoka urefu wa karibu mita 10. Chukua risasi ya kuvulia ya gramu 200, mtu aiachilie kutoka juu ya nyumba ya ghorofa tatu pale Ndia Kuu, nawe umesimama chini yake. Utakubali? Hukubali. Lakini risasi hiyo hiyo tunaiweka nyuma ya vichwa vya watoto, juu ya kile kibao cha kioo cha nyuma, tukaendesha gari.

Ufito una hatari yake ya ziada kwa sababu ni mrefu na nguvu zake zote hukusanyika kwenye ncha. Na ndoana imetengenezwa makusudi iingie isitoke, kwa kile kijimwiba chake. Haibagui samaki na mtu.

3. KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

(a) Vua ndoana na risasi zote. Zitie katika kopo lenye kifuniko cha kukaza, si mfuko wa karatasi wala mfuko wa suruali.

(b) Hesabu ndoana, uandike idadi. Ukitoka na ndoana kumi na mbili, rudi na hesabu inayoeleweka, hizi nimezirudisha na hizi zimekatikia mwambani. Ndoana isiyojulikana iliko, mara nyingi iko kwenye kiti ikimngoja mtu aje aikalie.

(c) Tenganisha ufito ikiwa ni wa vipande viwili, au uukunje ikiwa ni wa kuingiana. Toa rili uifunge kwa kitambaa. Vipande vilaze sambamba na uvifunge pamoja mahali pawili au patatu. Usikaze mno, kwani ufito ukikaa umepinda unaweza kuharibika.

(d) Katika vichochoro vya Mji wa Kale gari halifiki mlangoni. Njia zile zilijengwa kwa ajili ya watu wa miguu kabla gari halijaonekana hapa. Kwa hiyo utatembea na fito mpaka gari lilipoegeshwa. Beba zikiwa zimetenganishwa, zimesimama karibu na mwili wako. Ukiubeba ufito mzima umelala, kwenye kona utamchoma mtu usiyemwona, na mara nyingi atakuwa mtoto anayetoka madrasa mbio mbio. Ukiubeba mzima umesimama, utazame juu, kwani nyaya za umeme hupita chini chini mahali pengi, na ufito wa kaboni hupitisha umeme.

4. NDANI YA GARI

Kanuni ni hii: watu kwanza, fito baadaye. Hesabu watu, hesabu mikanda, ndipo utafute nafasi ya fito. Ikiwa ufito hauingii mpaka mtu mmoja asifunge mkanda wake, basi huo ufito hauna safari leo.

Njia bora niliyoiona haina gharama kubwa. Nunua bomba la plastiki la inchi tatu katika duka la vifaa vya ujenzi, ulikate lizidi kidogo urefu wa vipande vya ufito. Upande mmoja uzibe kabisa, wa pili uwekee kifuniko cha kutoka. Tia sponji ncha zote mbili ndani. Toboa matundu madogo ili maji yatoke na hewa iingie. Fito zikiwa ndani ya bomba haziwezi kumchoma mtu wala haziwezi kuvunjwa na mlango. Nami nimeambiwa na kila mvuvi niliyemuuliza kwamba mlango wa gari umevunja fito nyingi kuliko samaki!

Bomba lilaze upande mmoja wa gari, kutoka buti kuelekea mbele, kando ya kiti na si katikati ya watu. Lifunge kwa kamba kwenye kitu imara, kama miguu ya kiti. Kama huna bomba, fungasha fito kwa gunia au blanketi kuukuu, ncha zielekee nyuma na mashina mbele, lakini acha nafasi ya kiganja kati ya ncha na mlango wa buti. Kopo la ndoana na la risasi likae chini, nyuma ya kiti, lililobanwa lisiruke.

Kutoa ufito dirishani ni mwiko. Sisi huendesha gari upande wa kushoto. Ukiutoa dirisha la kushoto, unawaelekezea watu wa miguu na wenye mikokoteni. Ukiutoa dirisha la kulia, unawaelekezea tuktuk, bodaboda na matatu zinazokupita.

5. JUU YA GARI

Ikiwa fito ni ndefu na gari lina keria, zipande juu. Rili zitolewe, fito ziwe ndani ya bomba au turubali, ncha zielekee nyuma. Funga mahali pasipopungua patatu: mbele, katikati na nyuma. Mpira wa blada iliyokatwa vipande hushika vizuri, lakini hulegea kwa jua, kwa hiyo uongeze na kamba. Ukishakwenda kilomita chache, simama kando utazame kama bado zimekaza. Ikiwa kuna kilichotokeza nyuma, funga kitambaa chekundu kionekane.

Jambo hili lina sheria pia. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inakataza gari kupakiwa kwa namna ya kuwahatarisha watu wa barabarani au waliomo garini. Na mzigo ukianguka barabarani, sheria huchukulia kwamba ulipakiwa vibaya, mpaka mwenyewe athibitishe vingine mbele ya korti. Mkokoteni hautakuwa kisingizio.

6. FERINI

Kisiwa chetu tunatoka kwa Makupa, kwa Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980, na kwa feri ya Likoni. Anayekwenda kuvua kusini kwa feri aongeze tahadhari mbili.

Kwanza, ferini watu wa miguu hubanana karibu na magari. Ncha inayochungulia dirishani iko sawa sawa na uso wa mtu, na chombo kikiyumba kidogo tu, yatosha.

Pili, milango yote ya gari iweze kufunguka upesi. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka feri ya Likoni likazama, mama na mtoto wake wakafariki. Hapakuwa na habari ya fito katika msiba ule. Naukumbusha kwa sababu moja tu: ferini mtu asikae mahali ambapo, ili atoke, lazima kwanza aondoe mzigo. Fito zilizopita mbele ya mlango ni kufuli.

7. WAKATI WA KURUDI

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu wamechoka na usiku umeingia. Kila mtu husema, "Tupa tu humo ndani, tutapanga nyumbani." Usikubali. Vua ndoana tena, hesabu tena, funga tena. Chambo kilichobaki kirudishe baharini, au utanuka mwezi mzima. Nyumbani osha fito na rili kwa maji baridi yasiyo chumvi, uzianike kivulini. Usiziache ndani ya gari lililofungwa juani. Joto la gari la Mombasa saa nane mchana wenyewe mwalijua, na ufito uliopinda ukiwa na joto huenda usinyooke tena.

8. AJALI IKITOKEA

Simamisha gari mahali salama. Ndoana ikiingia mwilini, kata mshipi lakini usiivute kwa nguvu. Kile kijimwiba kitachana nyama. Mpeleke mtu hospitali ikiwa ndani vile vile, na muulize daktari habari ya sindano ya pepopunda. Ikiwa ni jicho, usilioshe, usilibonyeze, usichomoe kitu. Lifunike kwa kikombe cha karatasi au kitu kama hicho kisichogusa jicho lenyewe, ukimbilie hospitali.

HITIMISHO

Ndugu yangu sasa ana alama ndogo shavuni, kama mkwaruzo wa paka. Juzi tulikwenda tena Mtwapa, watu watano, kila mmoja na mkanda wake, na mmoja wetu akabaki nyumbani kwa zamu. Kabla ya kuwasha gari ami aligeuka nyuma akauliza, "Ndoana ngapi?" Yule mdogo ndiye aliyejibu, na kopo liko mapajani mwake limefungwa: "Nane, ami. Zote ziko humu."

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Nasi tuseme: safari ya kuvua huanzia mlangoni pa nyumba, si ufuoni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Tunga sentensi mbili kuonyesha maana mbili tofauti za neno "mshipi", na mbili nyingine za kitenzi "vua".
2. Andika wingi: Ufito huu mrefu umevunjika ncha.
3. Taja makosa manne yaliyofanywa katika safari ya siku ya Idi.
4. Familia ina watu watano, mikanda mitano na fito za mita tatu zisizokunjika. Gari halina keria. Waandikie barua fupi ya kuwashauri.