Neno "mine" katika ripoti zetu: mgodi, bomu, au yangu?

Wengi wetu katika Kasongo na Kabambare tulisoma shuleni kwa Kifaransa. Kiingereza kinatufikia kwa njia ya ripoti za mashirika na wageni wa mikutano. Safari hii tutazame neno moja fupi ambalo mkalimani yeyote wa Salamabila atakutana nalo, yaani "mine". Linatamkwa "main". Mtu aliyesoma Kifaransa akiliona anadhani analijua tayari, kwa sababu Kifaransa nacho kina neno linaloandikwa vilevile. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Maana ya kwanza ni mgodi. "Namoya gold mine" ni mgodi wa dhahabu wa Namoya, ambao kampuni ya Banro kutoka Kanada ilianza kuuzalisha kibiashara mwaka 2016, kisha kazi ikasimama mwaka 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Anayechimba ni "miner". Tuwe waangalifu na jirani yake "minor", mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Matamshi yao karibu ni sawa. Ukisikia kwa simu kwamba "miners" watatu wameachiliwa na kikundi cha silaha, uliza tahajia kabla ya kuandika, maana watoto wanapelekwa kwa huduma tofauti kabisa na wachimbaji watu wazima.

Maana ya pili ni bomu la kutegwa ardhini. Si bahati tu kwamba jina ni moja. Katika vita vya zamani huko Ulaya, askari walichimba njia chini ya ukuta wa adui, wakaijaza baruti na kuilipua. Jina la shimo likahamia kwenye kilipuzi chenyewe. Kutoka mzizi huohuo tunapata "undermine", kuchimba chini ya kitu mpaka kidhoofike. Ripoti ikisema uvumi "undermines" mazungumzo, maana yake unayadhoofisha. Hakuna aliyechimba lolote.

Kongo ilijiunga mwaka 2002 na Mkataba wa Ottawa wa 1997 unaokataza mabomu hayo, na Umoja wa Mataifa una idara yake yenye maneno "Mine Action" katika jina. Shughuli zao ni za mabomu, si za madini. Sasa fikiria maneno "mine clearance". Maana yake ni kuondoa mabomu ardhini. Mkalimani mwenye haraka akisimama mbele ya wachimbaji na kutangaza kwamba kuna kikosi kinakuja "kusafisha mgodi", watu wataelewa kwamba wanafukuzwa mashimoni. Mahali palipoona mapigano kati ya Mai-Mai Malaika na jeshi la serikali, sentensi kama hiyo inaweza kuamsha vijana na mapanga kabla mgeni hajamaliza hotuba yake.

Maana ya tatu haimo kabisa katika neno la Kifaransa: yangu, wangu, changu, langu. Asili yake ni nyingine, ni Kiingereza cha kale chenyewe. Herufi moja tu inaitenganisha na mgodi: "It is a mine" ni mgodi, au bomu. "It is mine" ni mali yangu.

Kwa maoni yangu, hii ndiyo inayotuhusu zaidi. Kiingereza hakionyeshi kitu gani kinadaiwa. Kampuni, mchimbaji na mzee wa ukoo wote watatu wanaweza kusema "It is mine", na mgeni ataandika kwamba wanagombania kitu kimoja. Kiswahili kinalazimika kuchagua. Kampuni inasema kibali ni changu. Mchimbaji anasema shimo ni langu, nimelichimba kwa nguvu zangu. Mzee anasema ardhi ni yangu, babu zangu wamezikwa humo. Na serikali ina neno lake: sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Taifa, na sheria ya madini ya 2002 inasema hivyo kuhusu madini yaliyomo. Hayo ni madai manne juu ya vitu vinne, na mengine yanaweza kukaa pamoja. Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2018, kwa mfano, yanaitaka kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, bila kumwuliza mzee aache kusema "yangu".

Kwa hiyo ukitafsiri kwenda Kiingereza mkutanoni, usiache "mine" peke yake. Taja kitu: "my permit", "my pit", "our land". Ukitafsiri kuja Kiswahili, msimamishe msemaji umwulize, "Yako nini, mheshimiwa?" Hatakasirika, na mara nyingine yeye mwenyewe atahitaji kufikiri kidogo.

Zoezi la kikundi. Tafsirini kwa Kiswahili, kisha mlinganishe majibu:

"The road to the mine was mined."

"Two minors were working in the mine."

"This mine is not mine, but the pit is."