Mada ya 7: Kutafuta Chanzo cha Injini Kuzidi Joto

Baada ya kudurusu mada hii uweze:
(a) kueleza kazi ya kila sehemu ya mfumo wa kupoza injini kwa maji;
(b) kutumia dalili kubaini sehemu yenye hitilafu kabla ya kufungua chochote;
(c) kufanya vipimo kwa mpangilio unaofaa;
(d) kujibu maswali ya mtihani kwa kutoa sababu.

7.1 Mambo ya kukumbuka

Mada hii inahusu magari ya zamani yenye kabureta, mfano Toyota Corolla KE70 yenye injini ya 4K. Feni na pampu ya maji huendeshwa na mkanda, na hakuna kompyuta ya kukuonyesha hitilafu. Fundi hutegemea macho, mikono na kufikiri.

Takribani theluthi moja ya nishati ya petroli inayoungua huondolewa na mfumo wa kupoza. Pampu husukuma maji kuzunguka silinda; maji hubeba joto hadi kwenye rejeta; upepo huliondoa joto hilo. Themostati hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto la kufanyia kazi. Themostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi, na namba hiyo huwa imegongwa kwenye themostati yenyewe.

Kifuniko cha rejeta si kizibo tu. Hushikilia presha, na presha hupandisha kiwango cha mchemko. Kifuniko cha bari 0.9 huwezesha maji matupu yasichemke mpaka karibu nyuzi 119 usawa wa bahari. Kikilegea, maji huchemka kwenye nyuzi 100 Dar es Salaam, na karibu nyuzi 94 Mbeya, ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo gari lenye kifuniko kibovu linaweza kuvumilia pwani, likachemsha nyanda za juu.

7.2 Tahadhari

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Presha ikitoka ghafla, maji yaliyokuwa juu ya nyuzi 100 hugeuka mvuke papo hapo na kurukia uso na mikono. Zima injini, subiri mpaka bomba la juu la rejeta lishikike kwa mkono bila kuunguza, ndipo ufungue kwa kitambaa kizito, taratibu.

Usimimine maji baridi kwenye injini iliyochemsha. Chuma cha moto kikipoa ghafla sehemu moja hupasuka. Pia usiendelee kuendesha “mpaka gereji”. Katika injini ya 4K bloku ni chuma cha kuvalia na silinda hedi ni aluminiamu. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo joto likizidi hedi hupinda na gasketi yake huungua. Hitilafu ya mkanda mmoja huishia kuwa kazi ya kufumua injini.

7.3 Swali la kwanza: joto linapanda wakati gani?

Watahiniwa wengi hukimbilia kuorodhesha vipuri. Anza na dereva. Muulize mshale wa geji hupanda lini.

• Unapanda kwenye foleni, unashuka gari likienda kasi: upungufu ni wa upepo. Gari likienda kasi upepo hupita wenyewe. Likisimama hutegemea feni. Shuku feni na mkanda wake.

• Uko sawa mjini, unapanda kwenye mwendo mkali au mlima mrefu kama Kitonga: upungufu ni wa mzunguko wa maji au uwezo wa rejeta. Shuku rejeta iliyoziba, mapanga ya pampu yaliyolika, au bomba la chini linalonyonywa na kubonyea injini ikizunguka kwa kasi. Taimingi iliyochelewa pia huongeza joto.

• Unapanda dakika chache tu baada ya kuwasha: shuku themostati iliyokwama ikiwa imefungwa, maji machache, au gasketi ya silinda hedi iliyoungua.

• Unapanda wakati wote na maji yanapungua: tafuta uvujaji wa nje kwanza, usipouona, shuku gasketi.

• Mshale uko juu lakini rejeta na mabomba hayana joto la ajabu na maji hayachemki: shuku geji au kihisi chake.

7.4 Mpangilio wa vipimo

Kanuni ni kwenda kutoka kwenye kipimo rahisi kisichohitaji kufungua kitu hadi kile kinachohitaji kufungua injini.

Hatua ya 1: Injini ikiwa baridi. Angalia kiwango na rangi ya maji. Rangi ya kutu yaonyesha kuwa maji matupu yametumika muda mrefu bila dawa ya kuzuia kutu, na huenda rejeta imeziba. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Utando mwepesi wa namna hiyo kwenye kifuniko cha oili pekee haitoshi kuwa ushahidi, kwani hutokea pia kwa gari la safari fupi fupi.

Hatua ya 2: Nje. Tazama kama mapezi ya rejeta yamezibwa na tope au wadudu. Bonyeza mkanda kwa kidole katikati ya puli mbili. Kwa kawaida ushuke kama milimita 10. Kagua mabomba, na tundu dogo chini ya pampu: likitoa maji, sili ya pampu imekufa.

Hatua ya 3: Kifuniko. Mpira usiwe umepasuka wala springi kulegea. Ukiwa na pampu ya kupimia presha, pima kifuniko na mfumo mzima.

Hatua ya 4: Washa injini. Weka mikono na nguo mbali na feni. Gusa bomba la juu: likae na ubaridi kwa dakika kadhaa, kisha lipate joto kwa haraka themostati inapofunguka. Geji ikipanda sana na bomba bado ni baridi, toa themostati.

Hatua ya 5: Themostati. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, visiguse chini ya sufuria. Pasha moto. Isipofunguka karibu na namba iliyogongwa, badilisha.

Hatua ya 6: Gasketi. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko na uwashe. Mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta tangu mwanzo ni gesi ya silinda. Thibitisha kwa kupima kompresheni: silinda mbili jirani zenye kompresheni ndogo huashiria gasketi iliyoungua kati yake.

7.5 Swali la mfano

Gari lina joto la kawaida kati ya Morogoro na Dodoma, lakini mshale hupanda likikwama kwenye foleni Ubungo. Dereva amebadilisha themostati bila mafanikio.
(a) Taja sehemu inayoshukiwa zaidi na utoe sababu. (alama 4)
(b) Eleza ukaguzi wa aina mbili utakaofanya. (alama 4)
(c) Kwa nini themostati mpya haikusaidia? (alama 2)

Jibu
(a) Feni au mkanda wake. Barabarani upepo wa mwendo hupoza rejeta; kwenye foleni feni ndiyo pekee inayovuta upepo.
(b) Kukagua ukazo na hali ya mkanda. Kukagua feni na kava lake kama vimevunjika, kulegea au kukosekana.
(c) Themostati ya zamani ilikuwa inafunguka, maana isingefunguka gari lingechemsha safarini pia.

7.6 Makosa ya kawaida

1. Kuandika “atoe themostati kabisa” kama tiba. Injini huchelewa kupata joto, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema, na hitilafu halisi hubaki imefichika.
2. Kutaja sehemu bila sababu. Ukiandika “pampu” peke yake unapoteza alama za maelezo.
3. Kutaja gasketi kwanza. Ni hatua ya mwisho, isipokuwa dalili zake zionekane wazi.

7.7 Zoezi

1. Bomba la chini la rejeta hubonyea injini ikiongezwa kasi. Eleza athari yake na kwa nini haionekani injini ikizunguka polepole.
2. Gari linapungukiwa maji kila siku, hakuna uvujaji wa nje. Panga vipimo vitatu kwa mfuatano, ukitoa sababu ya kila kimoja.
3. Eleza kwa nini kifuniko cha rejeta kilicholegea huleta shida zaidi Mbeya kuliko Tanga.