Kibali ghali, kodi ghali

SWALI: Mimi ni Mkenya, ninapakia mizigo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba. Serikali ikipandisha ada ya vibali vya kazi, au ikiweka kikomo cha kodi ya nyumba, nani hufaidika?

JIBU: Ndugu yangu, Machi 2017 Sudan Kusini ilitangaza ada ya dola 10,000 kwa mtaalamu wa kigeni na dola 1,000 kwa kibarua. Lengo lake, wenyeji wapate kazi, naliunga mkono. Kijana wa Juba ana haki hiyo. Lakini ada haimfundishi mtu ufundi. Mwajiri hulipa kisha akapandisha bei, au hupunguza watu, au humficha mgeni asiye na kibali. Huyo wa mwisho ndiye anayeniuma, maana akidhulumiwa mshahara hathubutu kwenda kushtaki.

Upande wa nyumba, Kenya ina sheria ya kudhibiti kodi tangu 1959, ila inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nairobi ya leo utazipata wapi? Juba tatizo ni jingine: kodi nyingi hudaiwa kwa dola. Desemba 2015, thamani ya pauni ilipoachiwa soko, dola moja iliruka kutoka karibu pauni 3 hadi 18 hivi. Anayelipwa kwa pauni aliumia usiku mmoja, na kikomo cha kodi kisingemwongezea hata chumba kimoja. Viwanja vilivyopimwa na vyenye hati, ili nyumba zaidi zijengwe, vingemsaidia zaidi.

Wewe hakikisha mkataba wako unaandika nani analipia kibali.