Dalili za Upungufu wa Umakini na Stadi za Kufikiri kwa Watoto: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wazazi wa Morogoro

Utangulizi

Katika vijiji vya milima ya Uluguru, kuanzia Mgeta na Nyandira hadi Kinole na Matombo, ni nadra kumkuta mwalimu asiyemfahamu mtoto wa namna hii: hatulii kitini, hujibu kabla swali halijakwisha, hutumwa dukani vitu viwili akarudi na kimoja, na daftari lake lina mazoezi mengi yaliyoachwa katikati. Wengine humwita mtukutu, wengine humwita mjinga. Majina hayo hayana maana moja, na kuyachanganya humgharimu mtoto: aitwaye mtukutu huchapwa, na aitwaye mjinga huachwa nyuma hadi anapoacha shule mwenyewe.

Somo hili lina hoja kuu moja. Dalili za upungufu wa umakini na uwezo wa kufikiri vinahusiana, lakini kimoja si kipimo cha kingine. Kila kimoja hakina budi kuchunguzwe kivyake.

Dalili zenyewe

Upungufu wa umakini na utukutu uliopindukia, ambao katika majalada ya hospitali huandikwa kwa kifupisho ADHD, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Tafiti za nchi mbalimbali hukadiria kuwa huwapata takriban watoto 5 katika kila 100. Haitokani na malezi mabaya, wala si laana ya ukoo.

Dalili zake ni za makundi mawili. Kundi la kwanza ni la umakini: kusahausahau, kupoteza vifaa, kushindwa kufuata maelekezo hadi mwisho, na akili kuvutwa na kila kinachopita. Kundi la pili ni la utukutu na pupa: kuhangaika mwili, kushindwa kungoja zamu, na kuingilia mazungumzo ya watu.

Vigezo vya uchunguzi vilivyotolewa na chama cha madaktari wa akili cha Marekani mwaka 2013 vinataka mtoto awe na angalau dalili sita za kundi moja, kwa muda usiopungua miezi sita, zilizoanza kabla ya umri wa miaka 12. Dalili hizo zionekane mahali pasipopungua pawili, na ziwe zinamharibia masomo au mahusiano yake. Mtoto anayesumbua darasani tu, ilhali nyumbani humwagilia bustani ya mboga hadi tuta la mwisho bila kusimamiwa, bado hajatimiza masharti hayo. Tatizo huenda liko darasani.

Watoto wa kike mara nyingi husahaulika. Wengi wao huwa na dalili za umakini bila utukutu; hukaa kimya, macho ubaoni, mawazo mbali. Kwa kuwa hawamsumbui mtu, hakuna anayewapeleka zahanati.

Stadi za kufikiri zinazohusika

Akili ni stadi nyingi zinazofanya kazi pamoja. Nne kati ya hizo zinahusika zaidi hapa.

Ya kwanza ni kujizuia. Watoto wetu huipima bila kujua wanapocheza mchezo wa nyama. Kiongozi akitaja mnyama aliwaye, wote huitikia. Akitaja nyoka, anayeitikia ametoka. Anayekosea anajua vema kuwa nyoka haliwi. Mdomo wake ndio uliotangulia akili.

Ya pili ni kumbukumbu ya kutendea kazi, yaani kushika jambo akilini huku ukilifanyia hesabu. Mtoto anayeuza ndizi njiani huishika bei, idadi na fedha aliyopewa, kisha akatoa chenji. Ya tatu ni kugeuza mawazo, yaani kuacha kanuni moja na kushika nyingine pale zoezi linapobadilika kutoka kujumlisha kwenda kutoa. Ya nne ni kupanga, kama afanyavyo mchezaji wa bao anayeziona kete zake zitakapofika kabla hajazigusa.

Uhusiano ukoje?

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005, uliokusanya matokeo ya tafiti 83, ulilinganisha watoto wenye hali hii na wasio nayo. Kwa wastani, wenye hali hii walikuwa dhaifu zaidi, hasa katika kujizuia, kumbukumbu ya kutendea kazi, kupanga na kudumisha umakini. Hata hivyo, tofauti hizo zilikuwa za kiasi. Watoto wengi wenye dalili zote walifanya vizuri katika baadhi ya vipimo, na wapo wasio na hali hii waliofanya vibaya.

Mhudumu na achukue mafunzo matatu hapo. Kwanza, hakuna kipimo kimoja cha kufikiri kinachoweza kuthibitisha au kukanusha hali hii. Pili, dalili za umakini ndizo zinazoambatana zaidi na udhaifu wa kumbukumbu na matokeo mabaya ya masomo, kuliko dalili za utukutu. Mtoto anayeruka madirisha si lazima awe ndiye mwenye shida kubwa zaidi ya kujifunza. Tatu, mtoto mwenye akili nyingi aweza kuwa na hali hii, na akaificha mpaka masomo yanapokuwa mazito katika madarasa ya juu.

Yanayofanana na hali hii

Kabla ya kulitaja jina la ADHD, mhudumu wa Morogoro ana mambo ya kuuliza ambayo vitabu vya ng'ambo huyapita haraka.

Je, mtoto aliwahi kupata degedege au malaria kali? Watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliotibiwa malaria ya ubongo katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Taarifa yao ya mwaka 2008 inaonyesha kuwa baada ya miaka miwili takriban asilimia 26 walikuwa na udhaifu katika angalau stadi moja ya kufikiri, ikilinganishwa na takriban asilimia 8 ya watoto wa mtaani ambao hawakuugua. Stadi iliyoathirika zaidi ilikuwa umakini. Mzazi aweza kuwa amesahau ugonjwa uliopita, wakati alama yake ingali ubongoni.

Je, huzubaa ghafla kwa sekunde chache, asisikie hata akiitwa? Hicho chaweza kuwa kifafa. Mkoa wetu unalijua jambo hili: huko Mahenge, kifafa na uhusiano wake na ugonjwa wa usubi vimechunguzwa kwa miongo mingi.

Je, anasikia vizuri? Anaona ubao? Anakwenda shule bila kula, baada ya kupanda na kushuka mlima? Ana upungufu wa damu au minyoo? Analala vya kutosha? Je, amefiwa, au anapigwa nyumbani? Kila moja ya haya hupunguza umakini, na mengi yana tiba iliyo karibu.

Hatua za mhudumu

1. Sikiliza maelezo ya mzazi na ya mwalimu, yote mawili. Kwa Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, mjomba naye aweza kuwa na kauli nzito katika malezi, asikilizwe.
2. Pima macho, masikio, damu, uzito na urefu. Uliza kuhusu degedege, uzazi mgumu na ajali za kichwa.
3. Andika dalili, na mahali zinapoonekana, kando na matokeo ya masomo. Usikisie kimoja kwa kutazama kingine.
4. Anza na ushauri wa malezi na wa darasani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na wabobezi unaagiza kuwa dawa ya methylphenidate isitolewe bila kushauriana na mtaalamu, wala kwa mtoto wa chini ya miaka 6.
5. Mtoto asiyepata nafuu, au mwenye dalili za kifafa, apewe rufaa.

Kwa mzazi na mwalimu

Mpe mtoto agizo moja kwa wakati mmoja, ukimtazama usoni, kisha umwambie alirudie. Gawa kazi vipande vidogo. Akae mbele, mbali na mlango na dirisha. Msifu papo hapo anapomaliza, kwa kuwa sifa ya jioni humfikia amekwisha kusahau alichokifanya. Ratiba ya nyumbani isibadilikebadilike. Fimbo haiongezi kumbukumbu. Humfunza kuogopa daftari.

Hitimisho

Mtoto anaposhindwa kutulia, tuulize maswali mawili tofauti: ana dalili gani, na anaweza nini? Swali la kwanza humwelekeza mhudumu kwenye tiba. La pili humwonyesha mwalimu pa kuanzia kufundisha. Mtoto aliyeulizwa yote mawili ana nafasi ya kumaliza shule; aliyeulizwa moja tu huondoka na jina, bila msaada.